Diski Imejaa, na Mafaili Hayaonekani

Maswali ya wasomaji kuhusu kompyuta

SWALI: Ndugu mwandishi wa safu, mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Muheza, mkoani Tanga. Nina kompyuta ya mpakato ya mtumba niliyoinunua miaka mitano iliyopita, yenye diski ya gigabaiti 500 na RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) ya gigabaiti 8, inayotumia Windows 10. Wiki iliyopita ilikuwa nzito mno, nikaipeleka kwa fundi, naye akaweka Windows upya. Nilipoichukua nilikuta mambo mawili yaliyonikatisha tamaa. Kwanza, mitihani yangu ya miaka minne, orodha za alama na picha za mahafali hazimo tena kwenye Documents wala kwenye Desktop, na fundi ananiambia kwamba Windows ikiwekwa upya ndivyo inavyokuwa. Pili, mstari wa diski C bado ni mwekundu na imebaki na gigabaiti 2 tu, ilhali D iko karibu tupu. Nimefuta nyimbo, nimehamisha video kutoka Desktop kwenda Documents, nimeondoa alama za programu kwenye skrini, na mstari haujasogea. Je, ninunue diski mpya? Na nitapataje nafasi kwenye kompyuta ambayo haina kitu ndani?

JIBU: Mwalimu, barua yako niliijibu kwa simu siku ileile niliyoisoma, kwa sababu ambayo wasomaji wengine wataielewa muda si mrefu, na hapa ninaeleza kwa kirefu yale tuliyoyafanya. Kilichonishtua ni sentensi yako ya mwisho. Kompyuta ambayo haina kitu ndani haijai. Kama gigabaiti 96 kati ya 98 za C zimetumika, basi kuna kitu kimezikalia, na kabla ya kuuliza tufute nini ilitupasa kwanza kujua kitu hicho ni kipi na ni cha nani.

Tulianza kwa kuondoa hesabu inayowasumbua wengi. Diski yako imeandikwa 500, lakini imegawanywa sehemu mbili, C iliyoonyesha 98 na D iliyoonyesha 367, yaani 465 kwa jumla. Hakuna aliyekuibia gigabaiti 35. Kiwanda huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti 1,000,000,000, ilhali Windows huihesabu kuwa baiti 1,073,741,824, kwa hiyo diski ileile husomeka ndogo zaidi kwenye skrini. Ni kama gunia moja kupimwa kwa pishi mbili zisizolingana.

Baada ya hapo nilikuomba upakue WinDirStat, programu ya bure ambayo hupitia diski nzima na kuchora kila faili kama kisanduku chenye rangi, kikubwa au kidogo kulingana na ukubwa wa faili lenyewe. Ni muhimu kuifungua kwa idhini ya msimamizi, la sivyo zipo folda ambazo Windows haitairuhusu kuchungulia na hesabu itatoka pungufu. Ulinisomea namba zifuatazo, nami nikaziandika nyuma ya bahasha: Windows 22, Program Files 9, folda ya Users 11, hiberfil.sys 3, pagefile.sys 2, pipa la taka 2. Nikazijumlisha nikapata 49. Nikakuuliza kama kuna folda uliyoiruka, ukasema, "Ipo moja nimeiacha kwa sababu jina lake halinihusu, inaitwa Windows.old, ina 47."

Hapo ndipo shida zako mbili zilipogeuka kuwa moja. Fundi alipoweka Windows upya hakufomati C kwanza, yaani hakufuta kila kilichokuwamo. Katika hali hiyo programu ya kusakinisha haifuti mfumo wa zamani, bali huukusanya wote, yaani folda ya zamani ya Windows, programu za zamani na folda ya zamani ya Users pamoja na kila kilichokuwamo, na kuuweka ndani ya folda moja iitwayo Windows.old, kisha ikajenga mfumo mpya kando yake. Kwa hiyo mitihani yako haikupotea, na mitihani hiyohiyo, ikisindikizwa na mfumo wa zamani usiotumika tena, ndiyo iliyokuwa imeijaza C. Fundi alikutendea wema bila kujua, na kosa lake ni kule kukueleza jambo ambalo hakwenda kulitazama.

Sababu ya kupiga simu badala ya kusubiri toleo hili ni kwamba Windows 10 haikai na folda hiyo milele, kwani kwa kawaida huiondoa yenyewe baada ya siku 10 bila kukuuliza. Ulikuwa siku ya saba. Msomaji mwingine yeyote ambaye kompyuta yake imetoka kwa fundi karibuni, na ambaye haoni kazi zake, aache kusoma na aende akafungue diski C sasa hivi.

Namna ya kuokoa ni nyepesi. Unafungua C, kisha Windows.old, kisha Users, ndani yake utaona folda yenye jina ulilokuwa ukilitumia zamani, na ndani ya hiyo zimo Desktop, Documents, Downloads na Pictures kama ulivyoziacha. Mara ya kwanza Windows itakuambia kwamba huna idhini ya kuingia, na itakupa kitufe cha Continue. Kibofye na usubiri, maana mafaili yakiwa mengi huchukua dakika kadhaa. Tulinakili folda hizo zote kwenda D, na wakati zinanakiliwa ulinisomea majina kwa sauti, "Mock Kidato cha Nne, Alama Muhula wa Pili", hata nikajua kwamba kazi imekwisha kabla mstari wa kijani haujafika mwisho. Kabla ya kwenda mbele ulifungua mafaili kumi hivi kutoka D ili kuhakikisha kwamba yanafunguka. Hatua hii watu huiruka kwa furaha, na ni kosa, kwa sababu inayofuata haina njia ya kurudi.

Windows.old haifutwi kwa kuibofya na kubonyeza Delete, kwani mfumo utakataa nusu ya mafaili yake. Unaandika Disk Cleanup kwenye kisanduku cha kutafutia, unachagua C, unabofya Clean up system files, unasubiri ihesabu upya, kisha unatia alama kwenye mstari wa Previous Windows installations. Nilikusisitizia utie alama kwenye mstari huo peke yake na usome kila mstari kabla ya kuugusa, na nina sababu. Niliwahi kukaa mbele ya kompyuta ya shangazi yangu nikiwa na haraka ya kwenda kula, nikatia alama visanduku vyote kutoka juu hadi chini, nikabofya OK. Katika baadhi ya matoleo ya Windows 10 orodha hiyo ilikuwa na mstari wa Downloads pia, na Downloads ndiyo kabati ambalo shangazi alikuwa akihifadhia kila kitu, zikiwamo nakala za hati ya kiwanja chake. Salama yangu ni kwamba karatasi zenyewe alikuwa nazo sandukuni. Chakula kilinipita siku ile.

Sasa niseme kwa nini juhudi zako za awali hazikusogeza mstari, maana hapa ndipo wasomaji wengi wanapopoteza siku nzima. Nyimbo ulizofuta zilikwenda kwenye pipa la taka, na pipa hilo limo ndani ya C hiyohiyo. Zile gigabaiti 2 ulizonisomea ndizo nyimbo zako, zilizokuwa zikisubiri ulimwage pipa. Video ulizozihamisha kutoka Desktop kwenda Documents hazikuhama popote, kwa kuwa folda zote mbili ziko C. Ukitaka kulithibitisha, tazama muda: faili la gigabaiti 3 likitoka Desktop kwenda Documents hufika kufumba na kufumbua, kwa sababu Windows imebadilisha anwani tu na baiti zenyewe hazikuguswa, lakini faili hilohilo likienda D utaona mstari wa kijani ukitambaa, kwa kuwa safari hii linaandikwa upya mahali pengine. Na zile alama za programu ulizoziondoa kwenye skrini ni njia za mkato, ambazo uzito wake ni kilobaiti chache. Programu zenyewe bado zimo na huondolewa kupitia Settings, kwenye Apps.

Baada ya Windows.old kuondoka na pipa kumwagwa, tulikuta Desktop faili moja la gigabaiti 5 lenye mwisho wa .iso. Hilo ni Windows yenyewe ya kusakinishia, ambayo fundi aliinakili hapo akaisahau, ukaifuta na kulimwaga pipa tena. Video za mahafali, gigabaiti 3, zikahamia D, safari hii kwelikweli. C ikabaki na gigabaiti 59 zilizo wazi, bila kununua kitu.

Ili isijae tena, ni vyema folda zako za kila siku ziishi D kuanzia sasa. Tengeneza kwanza folda mpya ndani ya D, uiite Nyaraka kwa mfano, kisha bofya Documents kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Properties, nenda Location, bofya Move na uielekeze kwenye hiyo Nyaraka. Fanya vivyo hivyo kwa Pictures na Downloads, kila moja na folda yake. Usiielekeze kwenye D tupu bila folda, maana Windows itaihesabu D nzima kuwa ndiyo Documents, na kuitengua hali hiyo ni kazi ya jioni nzima.

Kuna jambo moja ambalo sikulimaliza vizuri kwenye simu. C na D ni vyumba viwili vya nyumba moja. Diski ikifa, vinakufa vyote. Mitihani iliyoko D haina nakala ya akiba hadi utakapoiweka pia kwenye diski ya nje au kwenye flashi. Na kama flashi yako imefomatiwa kwa mtindo wa FAT32, itakataa faili lolote linalozidi gigabaiti 4 hata kama ina nafasi ya kumwaga, nawe utadhani imeharibika. Hamisha kwanza vilivyomo, uifomati kwa exFAT, na itapokea.

Kuhusu hiberfil.sys, ulisema mwenzako shuleni amekushauri uifute. Faili hilo ndimo kompyuta inamoandika yaliyomo kwenye RAM inapolala usingizi mzito, na ndiyo maana ukubwa wake katika Windows 10 huwa karibu asilimia 40 ya RAM. Kwa gigabaiti 8 zako ni takriban 3. Linaweza kuondolewa kwa kufungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, kwa idhini ya msimamizi na kuandika powercfg /h off. Mimi nisingeliondoa. Betri ya kompyuta ya mtumba haikai sana, na umeme ukikatika ukiwa katikati ya kutunga mtihani, usingizi huo mzito ndio utakaoihifadhi kazi yako betri inapokata roho. Gigabaiti 3 ni bei nafuu kwa huduma hiyo. Mwenye kompyuta ya mezani isiyo na betri anaweza kulitoa bila majuto. Ama pagefile.sys, hilo ni ghala la ziada la RAM na liachwe kama lilivyo.

Na diski mpya? Kwa ajili ya nafasi peke yake, usinunue. Vitu vyako vyote havifiki gigabaiti 100. Lakini kama diski uliyonayo ni ile ya sahani inayozunguka, na katika kompyuta ya umri huo nina hakika ni hiyo, basi diski ya SSD, ile isiyo na sahani inayozunguka, ya gigabaiti 240 itakuondolea ule uzito uliokupeleka kwa fundi tangu mwanzo, na ile ya zamani itawekwa kwenye kasha la USB ikawa ndiyo diski yako ya nje ya akiba. Fahamu pia kwamba msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kwamba Windows 11 hudai diski ya angalau gigabaiti 64, RAM ya gigabaiti 4 na chipu ya usalama ya TPM 2.0, ambayo mashine nyingi za zamani hazina. Kwa hiyo kabla ya kutoa fedha muulize fundi kama kompyuta hiyo inaweza kuipokea.

SWALI: Ninaishi Mombasa na ninatumia kompyuta ya ofisi yenye diski ya gigabaiti 120. Ndani ya folda ya Windows nimekuta folda iitwayo WinSxS yenye gigabaiti 9. Sijawahi kuitumia. Naweza kuifuta?

JIBU: Hapana, ndugu yangu, na tafadhali usijaribu hata kidogo, kwa sababu humo ndimo Windows inamohifadhi sehemu za mfumo wake, na ukifanikiwa kuifuta huenda kompyuta isiwake kesho.

Isitoshe, hizo gigabaiti 9 zimezidishwa. Mafaili mengi yaliyomo WinSxS yamo pia, kwa jina jingine, kwenye folda nyingine ya mfumo iitwayo System32 na kwingineko, lakini kwenye diski yameandikwa mara moja tu. Mzee mmoja huitwa Babu na wajukuu zake na huitwa Mwenyekiti huko mtaani; ukihesabu majina utapata wazee wawili, na ukihesabu vitanda utapata mmoja. Programu ya kuonyesha folda huhesabu majina. Ukitaka kuhesabu vitanda, fungua Command Prompt kwa idhini ya msimamizi uandike Dism /Online /Cleanup-Image /AnalyzeComponentStore, nayo itakupa ukubwa wa kweli na kukuambia kama usafishaji unapendekezwa. Ikisema ndiyo, andika amri hiyohiyo lakini mwishoni, badala ya /AnalyzeComponentStore, weka /StartComponentCleanup, kisha ukanywe chai, maana kwenye diski ya zamani huchukua muda na wakati mwingine namba husimama mahali pamoja kama iliyokwama. Usiizime. Mabaki ya masasisho ya zamani yataondoka, na yanayohitajika yatabaki.

SWALI: Nimepakua programu ya kusafisha kompyuta, ikaniambia ina matatizo 1,300 na kwamba nilipie ili iyatengeneze. Nilipe? Diski yangu imebaki na gigabaiti 6.

JIBU: Usilipe. Sehemu kubwa ya matatizo hayo huwa ni mistari ya kumbukumbu katika daftari la mfumo, liitwalo rejista, ambayo yote kwa pamoja haifiki ukubwa wa picha moja ya simu, kwa hiyo hata ikiondolewa yote hutapata nafasi unayoitafuta, na ukiondolewa mstari usiopaswa kuondolewa unaweza kuharibikiwa na programu nzima. Mafaili ya muda, ambayo ndiyo yenye uzito, Windows inayaondoa yenyewe bila malipo: fungua Settings, kisha System, kisha Storage, kisha Temporary files. Iondoe programu hiyo, nayo itakuwa nafasi ya kwanza uliyoipata. Halafu tazama Telegram, kama unaitumia kwenye kompyuta, maana huhifadhi nakala ya kila picha na video uliyoifungua. Kwenye mipangilio yake nenda Advanced, kisha Manage local storage, na hapo utaona kiasi kilichorundikana na utaweza kukiondoa bila kupoteza mazungumzo.

SWALI: Katika ofisi yetu ndogo hapa Zanzibar tunapokea barua pepe kwa Thunderbird. Folda ya Inbox imefika gigabaiti 7. Nilikaa siku mbili nikafuta barua zaidi ya elfu nne zenye viambatanisho, nikamwaga na taka, lakini diski haijaongezeka nafasi hata kidogo. Kuna nini?

JIBU: Hujakosea, bibie, umebakiza hatua moja. Kwa kawaida Thunderbird huweka barua zote za folda moja ndani ya faili moja refu, moja baada ya nyingine, kama daftari la wageni. Unapofuta barua, haichani ukurasa bali huupiga mstari tu na kuacha kuuonyesha, kwa sababu kuliandika upya daftari zima kwa kila barua inayofutwa kungekuwa kazi ndefu mno. Kurasa zako elfu nne zimepigwa mstari na bado zimo.

Cha kufanya ni kubofya folda ya Inbox kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua Compact, nayo itaandika daftari jipya lenye barua zilizobaki peke yake na kulitupa la zamani. Angalizo ni moja: kwa kuwa daftari jipya huandikwa kabla la zamani halijatupwa, diski inahitaji nafasi ya wazi ya kulitosha hilo jipya kwa muda. Kama Inbox ya gigabaiti 7 itabaki na 3, hakikisha una zaidi ya 3 zilizo wazi kabla ya kuanza. Kama huna, hamisha kwanza kitu kikubwa kwenda kwenye flashi, fanya kazi hiyo, kisha ukirudishe.